Mita 90 za Vumbi

Msimamizi wa mtambo wa kuchimba kisima alizima kompresa, akashusha kitambaa alichojifunga puani, akafuta kioo cha simu kwa kidole gumba na kumwonyesha dada yangu hesabu.

"Mwalimu, hapa tuko mita 75. Tuendelee au tufunge?"

Dada hakumjibu. Alinigeukia mimi. "Mdogo wangu, unasemaje?"

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimetoka Mwanza mjini kwa daladala la Kayenze nimepakata katoni ya maji ya dukani, nakwenda kushuhudia maji yakitoka ardhini. Kilichotoka tangu asubuhi kilikuwa vumbi la kijivu, laini, linalonata kwenye kope. Mihogo ya jirani ilikuwa imegeuka nyeupe. Mbuzi walishahamia upande wa pili wa nyumba. Na kule chini, ukichungulia kati ya mawe mawili makubwa, ziwa lilikuwa pale pale, linang'aa, halina habari na sisi.

Kila fimbo ya chuma inayoungwa kwenye mtambo ule ina mita 3. Bei ilikuwa laki na ushee kwa mita. Kwa hiyo kila "endeleeni" ya dada ilikuwa inamega zaidi ya laki tatu kwenye kiinua mgongo chake, na jibu lilitakiwa hapo hapo, maana kesho yake mtambo ulikuwa na kazi Magu.

"Ongezeni moja," alisema. Wakaongeza. "Haya, moja tena."

Kwenye mita 90 akainua mkono. "Basi. Imetosha."

Kabla ya magharibi mtambo ulikuwa umeshashuka kilimani. Mdomo wa shimo ukafunikwa kwa kifuniko cha plastiki, juu yake likawekwa jiwe. Kwenye fomu, mahali pa matokeo, msimamizi aliandika neno moja kwa herufi kubwa: KAVU.

Dada akatia sahihi, kwa mwandiko ule ule mzuri wa ubaoni.

## Chini ya usawa wa ziwa, bado vumbi

Kilichonikera wiki zilizofuata hakikuwa pesa, ingawa pesa ziliuma. Kilikuwa hesabu moja.

Simu yangu inasema kiwanja cha dada kiko mita 1,190 kutoka usawa wa bahari. Tusiiamini sana simu kwa mambo haya, lakini tuseme imekosea kidogo tu. Uso wa Ziwa Victoria uko kwenye mita 1,134 hivi. Nyumba basi iko juu ya ziwa kwa mita 50 na kitu. Sisi tumechimba 90. Kitako cha shimo letu kiko chini ya uso wa ziwa kwa zaidi ya mita 30. Na ziwa lenyewe, kwenye kina chake kirefu kuliko vyote, ni mita 80 na ushee.

Tumetoboa shimo refu kuliko kina cha Ziwa Victoria, mahali ambapo usiku unasikia injini za mitumbwi ya dagaa, na tumetoka na vumbi.

Inakuwaje?

Nadhani wengi wetu wa huku tuna picha kichwani ambayo hatujawahi kuitamka: kwamba ziwa linaendelea chini ya ardhi, na ukichimba vya kutosha utalikuta. Picha hiyo ni ya kweli mchangani. Chimba ufukweni kwa jembe, utalikuta. Lakini vilima vya Mwanza ni graniti, mwamba ule ule wa Bismarck, lile jiwe maarufu la ziwani mjini, wenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5, na graniti nzima haina vitundu vya kubebea maji. Maji hukaa sehemu mbili tu: kwenye tabaka la juu, pale mwamba ulipokwisha kuoza ukawa changarawe na udongo, na kwenye nyufa. Ichukue sahani ya udongo iliyopasuka. Maji yatapenya kwenye mstari wa ufa, na pembeni kidogo ya mstari huo ni pakavu siku zote. Biti ya mtambo, ile ncha inayotoboa, ina upana wa inchi 6 na ushee. Unatoboa kilima kizima kwa tundu la inchi 6 ukiomba ligongane na mstari usiouona.

Juu ya vilima hata lile tabaka lililooza ni jembamba. Mvua imekuwa ikiliosha na kulishusha bondeni tangu zama hizo, ndiyo maana mawe yetu yamesimama uchi juu na majaruba ya mpunga yako chini.

Mzee mmoja, jirani wa dada kwa upande wa chini, hakuhitaji mtaalamu kulijua hilo. Ana kisima cha kuchimba kwa mikono mahali luseni, udongo wa kichanga, inapoishia na mbuga inapoanza, karibu na mkuyu mkubwa. Siku mtambo unapanda alikuja kusalimia. "Mwangaluka, mwalimu." Wakajuliana hali, mifugo, wajukuu. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Maji yanashuka, mwalimu. Wewe unayafuata juu."

Dada alilijua hilo pia. Ila kiwanja alichonacho ndicho hicho.

## Tulipima, ndiyo

Najua swali linalokuja, kwa hiyo acha nilijibu mapema. Tulipima.

Alikuja mtaalamu na betri, roli za waya na vyuma vinne. Akavigongelea ardhini kwa nyundo, akapitisha umeme, akasoma namba, akavisogeza mbali zaidi, akasoma tena. Kadiri vyuma vinavyoachana ndivyo umeme unavyozama zaidi. Mwamba mkavu na mzima unaukataa umeme, uliolowa unaupitisha. Tatizo ni kwamba mfinyanzi nao unaupitisha, na mfinyanzi una tabia ya kushika maji usiyaachie. Kwenye grafu viwili hivyo vinaweza kufanana.

Ripoti ilikuja na pointi mbili, ikapendekeza kina cha mita 80 hadi 100, na kuhusu uwezekano wa kupata maji ikaandika: wastani.

Kwa mtu aliyefundisha maisha yake yote, wastani ni kufaulu.

Sisemi kipimo hakina maana. Bila hicho ungebaki na yule bwana wa kijiti cha panda, anayezunguka uwanja mpaka kijiti kiiname, naye bei yake si ya mchezo. Kipimo kinapunguza kubahatisha. Hakiondoi kabisa, na sijui kama sisi tunaolipa huwa tunaambiwa hivyo kwa lugha inayoingia kichwani kabla mtambo haujapanda.

## Umepata maji?

Nikaanza kuulizia. Kuanzia Igombe hadi Kayenze, penye nyumba mpya yenye bati la rangi, kuna mtu amechimba au anapanga kuchimba. Habari za bomba tunazijua sote na sitazirudia. Itoshe kwamba maji ya ziwa hili yanavutwa pale Ihelele, Misungwi, yanakwenda Shinyanga na Kahama, siku hizi hadi Tabora, na kuna vilima vinavyoyaona kwa macho kila asubuhi vikiwa vimeshika ndoo. Kwa hiyo watu wanachimba.

Swali lililozoeleka ni moja: umepata maji? Na majibu ni mawili. "Nilipata" husemwa kwa sauti. "Sikupata" utaisikia kwa jirani, muhusika akiwa hayupo. Bwana mmoja aliniambia alipata, na mazuri, wakati nyuma yake mkewe anapandisha kilima na ndoo aliyoijaza kwa yule mzee wa mkuyu. Mwingine ameweka nusu pipa juu ya shimo lake akapanda maua.

Mita zao wanazijua, kwa sababu ndizo walizolipia. Zaidi ya hapo ni giza. Mwamba mgumu ulianzia wapi? Maji yaliingilia mita ya ngapi? Yakitulia yanasimama wapi? Kwa saa yanatoka lita ngapi? "Hayo fundi anajua." Fundi yuko wapi? Fundi yuko Sengerema, anachimba kwingine.

Hapo ndipo nilipoanza kukishika kile kilichokuwa kinanisumbua. Kilima kile kimoja kimemeza akiba za watu kadhaa. Kila shimo, liwe na maji au lisiwe nayo, limefungua habari ya mwamba ambayo huwezi kuipata kwa njia nyingine yoyote. Na kila anayekuja anaanza upya kabisa, kwa pesa yake, maana shimo kavu huku ni siri ya ndani. Mtu wa juu ya dada alishachimba kabla yetu. Hakuna aliyewahi kulitaja shimo hilo mbele ya dada.

Mtu atasema sheria ipo, na kweli ipo. Sheria ya usimamizi wa rasilimali za maji ya mwaka 2009 inasema maji yote ni mali ya umma, yako chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mchimbaji awe na leseni. Kutumia maji ya ardhini kuna kibali, na kwa huku kwetu kinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ofisi zao ziko hapa hapa Mwanza. Taarifa za uchimbaji zinatakiwa kuifikia bodi.

Mara ya kwanza kulisoma hilo la mali ya umma nilikasirika kidogo. Dada atoe kiinua mgongo chake, achimbe kwenye kiwanja chake, halafu kilicho chini kisiwe chake? Nimekaa nalo, na sasa naliona upande wa pili. Kama maji yenyewe si ya mtu mmoja, basi habari kwamba hayapo nayo haiwezi kuwa aibu ya mtu mmoja.

## Anayelipwa kwa mita

Simlaumu msimamizi wa mtambo. Alifanya alichokubaliana na mteja, na vumbi alilokula yeye ni la kila siku.

Lakini tazama mkataba ulivyo. Anayelipwa kwa mita ana faida ukisema "ongeza". Wapo wanaotangaza kwamba hakuna maji hakuna malipo, au ukikosa unalipa nusu. Kwa mwenye akiba ndogo tangazo hilo linavutia, ila mchimbaji wa namna hiyo ana faida ya kusimama palipoonekana unyevu wa kwanza na kusema haya, maji hayo. Bei ya mashimo aliyokosa kwa wengine imeshajumlishwa kwenye lako. Katika mikataba yote miwili hakuna anayelipwa ili kujua kisima kinatoa kiasi gani. Kupima uwezo wa kisima kwa kuvuta maji saa nyingi mfululizo ni kipengele cha pembeni, na ndicho cha kwanza kukatwa bajeti ikibana.

## "Babu, kuna maji humu"

Dada alinipigia Jumapili moja, ibada imeshaisha. Hakusalimia hata.

"Njoo usikilize kitu."

Mjukuu wake yuko darasa la kwanza. Alikuwa amegundua kwamba kile kifuniko cha plastiki kina upenyo pembeni, na mtoto akiona tundu lazima atumbukize kitu. Nilipofika alinishika mkono akanipeleka. "Babu, kuna maji humu." (Mimi ni babu yake kwa upande wa dada, mvi zangu bado zinahesabika.) Akadondosha kokoto.

Moja. Mbili. Tatu.

Chubwi.

Tulitazamana. Akadondosha nyingine, na nyingine, mpaka bibi yake akamwambia aache, atajaza kisima.

Jiwe linaloanguka kwa karibu sekunde 3 limekwenda karibu mita 40. Dada alitaka uhakika zaidi ya hapo. Akaleta kamba ya nailoni, akafunga nati nzito mwishoni, kisha akaingia ndani akatoka na boksi la chaki. Akaipaka kamba chaki ya bluu kuanzia kwenye nati kwenda juu, mita nyingi, akiivuta taratibu kati ya vidole kama anavyofanya mtu aliyekwisha kulifikiria jambo usiku kucha. Tukaishusha mpaka ikalegea mkononi, tukaikaza kidogo, tukaweka fundo usawa wa mdomo wa shimo, tukaivuta. Palipolowa chaki ilikuwa imekoza rangi, na mpaka wake ulikuwa wazi, hauhitaji mjadala. Tukailaza kamba uani na kuipima kwa futi ya fundi seremala, kuanzia kwenye mpaka ule hadi kwenye fundo.

Maji yalikuwa mita 38 kutoka juu.

Nikarudi kwenye ile hesabu yangu ya ziwa. Mita 38 chini ya kiwanja ni karibu mita 20 juu ya uso wa ziwa. Haya si maji ya ziwa yaliyopanda kutufuata. Ni mvua ya kilima chenyewe, imeingia ardhini huko juu, iko njiani kushuka. Yule mzee alikuwa amesema kweli yote, ila hakusema kwamba yanashuka polepole sana na mengine yanapita kwa dada.

## Lundo la mita ya 53

Wachimbaji wana utaratibu wa kumwaga chini vumbi la kila mita, lundo moja moja, kwa mstari. Walipomaliza walitaka kuusambaza uwanja, dada akakataa. Aliweka jiwe kwenye kila lundo la kumi, na kwa kuwa ilikuwa kiangazi hakuna mvua iliyoyagusa.

Tukayapitia yote tukiwa tumechuchumaa. Mwanzoni udongo mwekundu. Kisha changarawe ya manjano iliyooza. Kisha kijivu chenye chembe nyeusi, kijivu, kijivu, lundo baada ya lundo, mwamba mzima usio na neno. Kwenye la 53, ukilichambua kwa kidole, kulikuwa na vipande vidogo vyenye upande mmoja wa kahawia. Kutu. Madini ya chuma hayafanyi kutu ndani ya mwamba ambao maji hayajawahi kupita.

Hapo tukakumbuka wote wawili. Wakati fulani mchana ule vumbi lilitoka na madonge, watu wakapiga makofi, msimamizi akasema tusubiri. Dakika chache baadaye likarudi kuwa vumbi kavu na kazi ikaendelea.

Niliyoyasoma baadaye yanaendana na tulichokiona. Ufa ukitoa maji kidogo sana, unga wa mwamba unayanywa yote kabla hayajafika juu, na tope lake linaweza kuuziba ufa wenyewe. Hewa ya kompresa nayo inayasukuma yarudi. Mtambo ukiondoka, ufa unabaki na utulivu wake, na maji yanajikusanya tone kwa tone bila mtu wa kuyaandikia fomu.

Kavu, basi, kwa kipimo gani? Kwa kipimo cha saa tisa mchana, kompresa ikiunguruma, mtambo una kazi Magu.

## Lita 45 kwa saa

Tuliazima pampu ndogo ya sola kwa shemeji mmoja anayemwagilia bustani. Tuliishusha hadi mita 70, tukavuta mpaka ikaanza kupiga hewa. Maji ya mwanzo yalikuwa maziwa matupu kwa ule unga, mbuzi wakayanusa wakaondoka. Tukazima pampu, kamba na chaki zikarudi kazini.

Shimo la inchi 6 linabeba karibu lita 18 katika kila mita. Ndani ya saa moja maji yalipanda mita 2 na nusu. Lita 45.

Kwa pampu ya mkono ya kijiji, kiasi hicho ni kichekesho, ingekikausha kisima kabla foleni haijasogea. Lakini lita 45 kwa saa, saa 24, ni zaidi ya lita 1,000. Ukivuta kidogo kidogo, maji yakiwa yamebaki chini ya ule ufa, ndivyo yanavyoendelea kuingia. Yakipanda juu yake kasi inapungua, na usiku ukikiacha kipumzike asubuhi shimo lenyewe limehifadhi mamia ya lita. Dada anaishi na mjukuu, binti wa kazi na mbuzi. Simtank ya lita 1,000 kwa siku hawaimalizi.

Nimewaza sana kuhusu yale mashimo mengine ya kilimani yenye maua juu yake.

## Meno ya mtoto

Tulipeleka chupa ya maji maabara. Naweka hili hapa kwa sababu ni kipande ambacho watu wa visima binafsi wanakiruka: yakiwa meupe, hayanuki, wanakunywa.

Majibu yalirudi na floridi, ile inayotia meno rangi ya kahawia ikizidi, imepita kidogo miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi. Si ajabu. Graniti ina madini yenye floridi, na maji yaliyokaa muda mrefu ufani yanaibeba. Waliokulia Shinyanga au Arusha wanayajua meno ya kahawia bila kuambiwa. Kuna miaka mingi nchi hii ilivumilia hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu kukosa maji kabisa kulionekana kubaya zaidi. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua na floridi inabaki. Pale Ngurdoto, Arusha, kuna kituo kinachochuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Arseniki, ambayo ni sumu, nayo tuliipima, maana ukanda wetu ni wa dhahabu na huko Geita imewahi kuonekana kwenye maji. Kwetu hapakuwa na neno.

Mtu mzima kuyanywa maji yale leo hangeona chochote. Wa kuangaliwa ni yule mtoto, ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajitengeneza chini ya fizi.

Jibu lilikuwa juu ya vichwa vyetu muda wote. Mabati ya dada yanafunika kama mita za mraba 120. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mwanza inapata karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Hata ukitoa yanayomwagika na yale ya kusafisha bati mwanzo wa mvua, inabaki karibu lita laki moja ambazo kila mwaka zilikuwa zinachimba mtaro nyuma ya jiko. Kinachotesa ni kiangazi cha Juni hadi Septemba. Kwa kunywa na kupika tu, lita 40 kwa siku, tangi la lita 5,000 linavuka miezi hiyo minne kama limejaa Mei. Kwa hiyo mvua inanywewa, na kisima kinafua, kinaogesha na kunywesha mbuzi. Gharama ya tangi na mifereji ya bati haifiki hata robo ya lile shimo.

Dada anasema angeanza na mifereji. Mimi sina hakika angeanza nayo. Hakuna anayekuja kukupongeza kwa kuweka mfereji wa bati.

## LUKU ya nani

Kifuniko sasa ni cha chuma, kimechomelewa na kina kufuli, mtoto asipate tena la kutumbukiza. Juu yake dada ameandika kwa rangi ya mafuta: mita 90, ufa 53, maji 38, lita 45 kwa saa, floridi juu kidogo. Akakipiga picha akaitupia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, bila maelezo.

Kimya kilipita, kisha akajibu yule bwana aliyeniambia alipata, na mazuri. "110. Kavu." Akafuata mwenye pipa la maua. Akafuata mtu ambaye hatukujua kabisa kama amewahi kuchimba.

Tulipoziweka namba hizo kwenye karatasi, mashimo yaliyoonyesha unyevu wowote yanakaribia kukaa kwenye mstari mmoja, kutoka kwenye jiwe kubwa la juu kushuka hadi kwenye mkuyu. Inaweza kuwa bahati tu. Mashimo ni machache. Lakini kuna waliorudi kutega nati na kamba kwenye mashimo yao, na kuna wazo kwamba badala ya kila mtu kutoboa kivyake, kichimbwe kimoja cha pamoja kule chini, kipimwe uwezo sawasawa, na maji yapandishwe kwenye tangi la juu.

Mzee wa mkuyu ana masharti mawili. Kisima chake kisishuke, na apimiwe kabla na baada ili pasiwe na maneno. Na ng'ombe wake wanywe bure. La kibali dada amejitolea kulifuatilia bodi, yeye foleni za ofisi hazimtishi.

Kikao ni Jumamosi saa nne, uani kwake. Kuhusu wapi pa kuchimba hatutachelewa. Tutachelewa kwenye LUKU, mita ya umeme wa pampu, itakuwa kwa jina la nani, na tayari watu wawili wameniandikia pembeni kusema isiwe kwa jina la jirani yao.